John Kirk: munganga wa mimea aliyefunga soko la watumwa Zanzibar

Mwezi wa 11 mwaka 1871 mtumbwi mmoja ulitoka Ujiji ukapanda kuelekea kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ndani mlikuwa wazungu wawili pamoja na wapiga makasia wao: David Livingstone, mzee aliyekwisha kuchoshwa na magonjwa, na Henry Morton Stanley, kijana wa gazeti aliyetumwa kumtafuta. Walitaka kujua neno moja tu: Ruzizi inaingia ziwani ao inatoka? Wenyeji wa kandokando ya mto walikuwa na jibu tangu kwa mababu. Hawa wawili wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia, wakageuza mtumbwi.

Katika miezi ile waliyokaa pamoja kulikuwa na jina la mtu wa tatu ambalo lilirudi kila mara katika mazungumzo yao. Ni John Kirk, munganga na mtaalamu wa mimea, aliyekuwa mbali sana kule Zanzibar akishika nafasi ya konsuli wa Uingereza. Livingstone alikuwa na uchungu naye. Nguo, shanga na dawa alizongojea Ujiji zilifika nusu, ao hazikufika kabisa, sababu mwenye kukabiziwa mizigo aliiuza. Wapagazi aliotumiwa walikuwa watumwa wa watu, tena wakagoma kumfuata. Stanley alichukua uchungu huo mpaka Ulaya, akautangaza katika gazeti na katika kitabu. Kwa muda fulani dunia nzima ilimjua Kirk kama rafiki aliyemtupa mwenzake porini.

Mtoto wa shule wa Mutarule, Sange ao Luberizi anayajua majina ya Livingstone na Stanley. La Kirk hapana. Lakini habari za bonde hili, za Maniema na za pwani zote zinapita kwa mtu huyu.

Ukitaka kumfuata, anzia mjini Zanzibar. Ni mji wa kelele: soko la Darajani, daladala, pikipiki, watu wanaobeba samaki, watalii wanaopotea ndani ya vichochoro. Ukitembea kidogo kuelekea Vuga, upande wa viwanja vya Mnazi Mmoja, kelele inashuka. Hapo kuna bustani ya zamani, Bustani ya Victoria. Sultani Barghash bin Said aliitenga kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, wapate kupumzika bila kuonwa na watu wa nje. Mwaka 1899 Sultani Hamoud bin Mohammed aliifungua kwa watu wote na kuipa jina la malkia wa Uingereza. Jumba lililo ndani yake lilijengwa juu ya mabafu ya hao wanawake, na toka 1926 mpaka 1964 ndilo lilikuwa baraza la kutunga sheria. Sehemu kubwa ya mimea yake ya kwanza, pamoja na chai, kahawa na kakao, inahesabiwa kuwa kazi ya Kirk.

Bustani yake mwenyewe ilikuwa Mbweni, kilometa chache kusini ya mji, juu ya bahari. Huko alipanda mimea ya inchi nyingi, akajaribu ipi itashika udongo wa kisiwa na ipi itakufa, akatuma mbegu, maua makavu na barua kwa bustani kubwa ya Kew, London. Kazi ya konsuli aliifanya ofisini. Ila roho yake ilikuwa Mbweni, hilo halina mjadala.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 1832 huko Barry, karibu na Arbroath, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji. Alisoma uganga Edinburgh na kupata digri mwaka 1854, akaenda kutumika katika hospitali ya waaskari wa vita vya Crimea, upande wa Uturuki. Hata kule, saa za kupumzika zilikuwa za kutafuta majani milimani. Watu wa Kew walikwisha kumjua kwa sababu hiyo, na Livingstone alipotafuta munganga anayejua mimea kwa safari ya mto Zambezi, Kirk akachaguliwa. Alikuwa na miaka 25.

Safari ile ilianza 1858, na ilikuwa mateso. Merikebu yao ndogo, Ma Robert, ilivuja, ikala kuni nyingi, ikakwama kwenye mchanga. Maporomoko ya Kebrabasa, kule leo kuna bwawa la Cahora Bassa, yaliziba njia ambayo Livingstone alikuwa amewaahidi watu wa Uingereza. Mwezi wa 11 mwaka 1860 mtumbwi wa Kirk ulipinduka katika maji makali ya hapo. Yeye aliponea jiweni. Lakini mto ulikwenda na daftari nane za maandishi na michoro karibu mia moja ya mimea, kazi ya miaka miwili. Mtu anayejua maana ya kuandika kila jani kwa mkono, usiku, juu ya taa ya mafuta, huku mbu wanamla, ataelewa ni hasara gani. Alianza tena.

Ni yeye aliyemhudumia Mary, mke wa Livingstone, mpaka alipokufa kwa homa huko Shupanga, mwezi wa 4 mwaka 1862. Na ni yeye pia aliyeandika katika daftari yake ya kila siku kwamba kiongozi wao alikuwa hasikii shauri la mtu, na kwamba kumfuata ni kuhatarisha maisha. Maneno hayo hakuyatangaza. Daftari ilichapishwa mwaka 1965, yeye amekwisha kufa miaka mingi. Alitoka kwenye safari mwaka 1863 na heshima kati yao wawili ikabaki. Livingstone mwenyewe alisaidia apate kazi ya uganga ku ubalozi wa Zanzibar, mwaka 1866. Mwaka uliofuata alioa Helen Cooke, wakaanza maisha kisiwani.

Zanzibar aliyoikuta ilikuwa mlango wa inchi zetu zote hizi. Pembe za ndovu za Maniema zilipita Ujiji, zikapita Tabora, zikafika Bagamoyo, zikavuka bahari. Zilibebwa na watu, na mara nyingi yule aliyebeba aliuzwa pia. Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, katikati ya mji, na maelfu ya watu walipita hapo kila mwaka. Kirk aliona hayo kutoka dirishani kwake, tuseme hivyo, kwa miaka saba kabla ya kuwa na nguvu ya kufanya kitu.

Tusimame kwanza kwa lile shitaka la Stanley, maana ni hapa watu wengi wanaachia habari ya Kirk. Katika miaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Zanzibar na pwani, kikaua watu kwa maelfu, na wapagazi wakawa hawapatikani. Huo ni ukweli. Ni kweli pia, kwa maelezo ya Stanley, kwamba mizigo ya Livingstone ililala Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu, na ilitoka mbio mwezi wa 2 mwaka 1871, watu waliposikia kwamba konsuli anakuja. Stanley aliandika kwamba Kirk alivuka kwenda kuwinda, si kusukuma msafara. Serikali ya Uingereza ilichunguza neno hilo, ikamtoa Kirk bila kosa. Kwa haki, hakuwa adui. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi, aliyewaamini wasimamizi wa kukodi, na ambaye mtu wa mbali alimpungukia kidogo kidogo machoni. Wale waliokwisha kungojea mzigo kutoka Bukavu ao Bujumbura katika siku za vurugu wanajua jinsi inavyokuwa. Stanley alimwonea, lakini hakutunga yote.

Mwezi wa 4 mwaka 1874 maiti ya Livingstone ilizikwa Westminster Abbey, London. Kati ya wanane walioshika jeneza alikuwa Stanley, na alikuwa Kirk, pamoja na Jacob Wainwright, mmoja wa Waafrika waliotoka na maiti ile kutoka Chitambo.

Katikati ya hayo ndipo kuna jambo kubwa la maisha yake. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, huko Nyangwe, Maniema, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki ndani ya soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengi wao ndani ya maji ya Lualaba. Livingstone alikuwepo, akaandika. Ni mauaji hayo yaliyomrudisha Ujiji, na barua zake Stanley ndiye aliyezitoa nje. Uingereza iliposoma, ilimtuma Bartle Frere mwanzoni mwa 1873 amwombe Sultani Barghash akataze biashara ya watu baharini. Barghash alikataa. Tufani ya mwezi wa 4 mwaka 1872 ilikuwa imeangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, mapato yamekufa, na watu wake wakubwa wasingekubali. Frere aliondoka mikono mitupu.

Kirk alibaki. Alikuwa anasema lugha ya watu, alimjua Sultani kama jirani anavyomjua jirani, alijua nani anasikilizwa katika baraza na nani hasikilizwi. Amri ilipofika kwamba Sultani akikataa tena manowari zitafunga kisiwa, aliizunguka meza yake siku kadhaa, akieleza, akingoja, akirudi. Tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka 1873 Barghash alitia sahihi. Soko likafungwa. Mwisho wa mwaka huohuo wamisionari walianza kujenga kanisa kubwa juu ya uwanja wa soko, na kanisa hilo lingaliko Mkunazini.

Je, watumwa waliisha? Hapana. Biashara ilihamia nchi kavu, misafara ikafuata pwani kwa miguu, na mwaka 1876 Barghash, akisukumwa tena na Kirk, alitoa amri za kuikataza nayo. Utumwa wenyewe ulifutwa Zanzibar mwaka 1897 tu. Na huku kwetu hali ilizidi kuwa mbaya: katika miaka ya 1880 watu wa Rumaliza walishika kaskazini ya ziwa, Uvira ikiwa mojawapo ya vituo vyao, na vijiji vya pande hizi vililipa kwa watoto wao. Karatasi ya Zanzibar ilichelewa sana kufika Ruzizi.

Mbweni, jirani na bustani yake, wamisionari walinunua shamba wakaweka kijiji cha watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na shule ya wasichana. Magofu ya shule hiyo bado yanaonekana. Baadhi ya hao walikuwa wametoka bara, wengine hawakujua tena jina la kijiji chao. Hivyo mti wa inchi ya mbali na mtu wa inchi ya mbali walipandwa mahali pamoja, kila mmoja akitafuta kushika udongo mpya. Mti uliandikwa kwa jina lake la Kilatini na siku ulipofika.

Kirk hakuacha kutuma vitu Kew. Mwaka 1884 alituma mfano wa ua dogo la zambarau la pwani hii ambalo sasa linauzwa katika vyungu dunia nzima, lakini lilipewa jina la Mjerumani, Saint Paul, aliyelituma kwao miaka michache baadaye. Alichunguza msandarusi na utomvu wake uliogeuka jiwe ardhini. Kima mwekundu wa Unguja, anayeitwa kima punju, anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Swala mdogo wa nyika, dikidiki, vilevile.

Na kuna mtoria. Ni mmea unaopanda juu ya miti ya msitu wa pwani. Watoto wanakula matunda yake, machungu na matamu pamoja. Ukikata gamba linatoka ziwa jeupe, nalo likikauka linavutika. Kirk alitangaza faida ya mpira huo kwa wafanyabiashara, wataalamu wa Kew wakauandika mmea kwa jina la Landolphia kirkii, na haikuchukua miaka mingi mpira wa pwani ukawa biashara kubwa. Watu wa pwani walikuwa wanaujua zamani. Jina likawa la Kirk.

Ndugu ya mmea huo anaota katika misitu ya Kongo. Hapo historia inageuka vibaya. Baada ya Kirk kuacha kazi ya Zanzibar, serikali ilimtuma Brussels katika mkutano mkubwa wa kupinga biashara ya watumwa, toka mwezi wa 11 mwaka 1889 mpaka mwezi wa 7 mwaka 1890. Alikaa mezani kama mjuzi, naye alikuwa mjuzi kweli. Mfalme Leopold alieleza kwamba kupigana na wafanya-watumwa kunataka feza, na mkutano ukamruhusu kutoza ushuru wa mpaka asilimia 10 kwa vitu vinavyoingia Kongo, kitu ambacho mkutano wa Berlin ulikuwa umemkataza. Mwaka 1891 na 1892 Leopold alitoa amri zilizofanya pembe na mpira wa sehemu kubwa ya inchi kuwa mali ya dola yake. Rumaliza alifukuzwa mwaka 1894, hilo lilifanyika. Kisha watu wa Équateur na wa pande nyingine walipelekwa msituni kukamua huo mmea kwa bunduki na kwa fimbo, wake zao wakishikwa rehani, mikono ikikatwa.

Kirk hakukata mkono wa mtu. Mpira wa mtoria wa pwani haukuwa mpira wa Leopold, na hakuna haja ya kumtwika dhambi ambayo si yake. Lakini ni vigumu kutembea ndani ya bustani ya Vuga ao ya Mbweni, kusoma majina kwenye miti, bila kufikiri kwamba kila mti wa majaribio ulikuwa na swali nyuma yake: huu utaleta feza kiasi gani, na nani atauvuna?

Pale Zanzibar mwenyewe alikwisha kuonja uchungu wa namna hiyo. Kwa miaka 15 alimwambia Barghash kwamba Uingereza ni rafiki yake, amfuate, naye atabaki na pwani yake. Walikwenda pamoja London mwaka 1875. Sultani alivunja desturi ya baba zake kwa neno la Kirk. Halafu mwishoni mwa 1884 Carl Peters akaja, akapita bara na karatasi zake za mikataba, na mwezi wa 8 mwaka 1885 manowari za Ujerumani zilipanga mstari mbele ya jumba la Sultani. Barghash alimwangalia Kirk. Kirk alikuwa na amri kutoka London: amwambie akubali. Akamwambia. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani waligawana bara, Barghash akaachiwa ukanda mwembamba wa pwani na visiwa. Mwaka huohuo Kirk alitoka Zanzibar, na Barghash akafa mwaka 1888.

Yaliyobaki ni mafupi. Alipewa nishani, akaingizwa katika chama cha wataalamu wa sayansi cha London, akatumwa Niger mwaka 1895 kuchunguza vita vya watu wa Brass na kampani ya Waingereza, akasimamia kamati ya reli ya Uganda. Alikaa Sevenoaks, kusini ya London, na bustani nyingine, ndogo. Macho yakamwacha. Mtu aliyeishi kwa kuangalia majani alimaliza miaka yake ya mwisho karibu kipofu, akafa tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 1922, na miaka 89.

Kati ya mbegu alizotuma Kew kuna ua moja jekundu la kivulini, lenye shina la maji. Mwaka 1882 wataalamu waliliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Barghash, na likapendwa sana huko Ulaya kwenye vyungu vya madirishani. Baadaye walichunguza tena, wakaona ni ua lilelile walilokwisha kulipa jina la Horace Waller, mmisionari Mwingereza, mmoja wa wale walioshika jeneza la Livingstone pamoja na Kirk. Kwa sheria yao jina la kwanza ndilo linabaki. La Sultani likafutwa.